Kéré alipewa Pritzker kwa nyumba za udongo tu?

Mkuu, umeuliza kama msanifu majengo Francis Kéré alipewa tuzo ya Pritzker 2022, ile kubwa ya usanifu majengo duniani, kwa kuonewa huruma, maana "udongo hata bibi yangu alijengea". Hapana. Tazama paa la shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, kijijini kwao, iliyokamilika 2001 akiwa bado mwanafunzi wa usanifu Berlin.

Bati likikaa moja kwa moja juu ya darasa, saa sita mchana watoto wanaokwa. Yeye aliliinua, akalishikilia kwa fremu za nondo nyembamba zilizochomelewa palepale. Chini yake kuna dari ya matofali yenye upenyo: joto linapanda, upepo unapita kati na kulitoa. Feni hakuna. Matofali yenyewe ni udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa saruji kidogo, kwa hiyo mvua haiyamumunyi. Na kwa kuwa kreni haikuwepo, wanakijiji walifundishwa kutumia msumeno na mashine ndogo ya kuchomelea. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, kwa sababu ufundi ulibaki kijijini.

Ujerumani yenyewe alikwenda kusomea useremala, usanifu ukafuata baadaye. Tuzo ya Aga Khan, nayo ya usanifu majengo, aliipata 2004.

Ukitaka kazi yake ya jirani, tafuta picha za Startup Lions, kampasi ya teknolojia iliyoko Turkana, Kenya: ile minara mirefu ya kutolea hewa ya moto imeiga vichuguu vya huko.