Jibu: "Typhus" kwenye kadi ya Ujerumani ni taifodi

Ndugu, umeuliza kama "Typhus" kwenye kadi ya chanjo uliyopewa Ujerumani ni taifodi au ule ugonjwa wa chawa. Ni taifodi, homa ya matumbo, inayoletwa na maji na chakula kichafu. Ile ya chawa wa mwilini Wajerumani wanaiita Fleckfieber, yaani homa ya madoa. Kinachotuchanganya ni Kiingereza: typhus kwao ndiyo ya chawa, nayo taifodi wanaiita typhoid. Wafaransa vilevile, fièvre typhoïde. Waholanzi ndio waliopanga vizuri: buiktyfus ya tumbo, vlektyfus ya madoa. Basi muuguzi aliyesoma kwa Kiingereza asije akakusomea vibaya, mweleze mapema. Tazama na tarehe pia, maana kinga ya sindano hiyo ni takriban miaka 3 tu.