Kifundo kilichoteguka: arudi mbio lini?
Ndugu, umeuliza askari aliyeteguka kifundo cha mguu arudi lini kukimbia na mzigo mgongoni. Usihesabu majuma, pima! Siku ya kwanza bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, sentimita 6 za mwisho za chini, upande wa ndani na wa nje. Akiumia pale, au akishindwa hatua 4, apigwe eksirei kwanza. Baadaye mpeleke ukutani: goti liguse ukuta, mguu ukiwa mbali kadiri awezavyo, kisigino kisinyanyuke, pima toka kidole gumba cha mguu hadi ukuta. Umbali wa mguu ulioumia ukipungua kwa sentimita 2 kuliko wa mguu mzima, bado asikimbie. Tena, kupima uthabiti, asimame mguu mmoja macho yamefungwa. Wengi huteguka upya kwa sababu maumivu yaliisha ila uthabiti haukurudi. Mawe ya volkano hapa Goma hupindua mguu upesi, aanze kwenye lami, bila mzigo.