Mfalme anapojiita Nangis: kwa wadogo zangu mnaoanza kusomea opera

Wadogo zangu, nawaandikia nyinyi mnaotoka kwenye kwaya, kama nilivyotoka mimi, na sasa mnaanza kusomea uimbaji wa opera. Nilifika Ufaransa nikiwa na miaka saba ya kwaya ya kanisa, sauti ya tatu, yaani tenori. Solfa naisoma kama gazeti, lakini nota za mistari mitano zilikuwa bado zinanisumbua. Kazi ya kwanza kubwa niliyopewa ilikuwa kumwimba Nangis katika Le roi malgré lui, yaani mfalme asiyetaka ufalme, opera ya Emmanuel Chabrier ya mwaka 1887. Nikaifanya kama tulivyozoea nyumbani: nikaitafuta sauti yangu kwenye kitabu, nikaipigia mstari, nikaikariri yote kwa wiki tatu. Siku ya kuiimba, mwalimu wangu alinisimamisha katikati ya sehemu ya pili akaniuliza, "Hapo ulipo wewe ni nani, na hao unaowaimbia wanadhani wewe ni nani?"

Sikuwa na jibu. Kila nota niliijua, ila sikujua niko wapi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1573 wakuu wa Poland walimchagua Henri wa Valois, mdogo wa mfalme wa Ufaransa, awe mfalme wao. Hiyo ni historia. Katika opera, Henri amekwishafika Krakow na roho yake iko kwao Ufaransa. Anapata habari kwamba wakubwa wa nchi, wakiongozwa na Laski, wanakula njama ya kumtoa. Mfalme mwingine angeita askari. Huyu anaona ndiyo njia ya kurudi nyumbani, basi anajiita Nangis, jina la rafiki yake, na anakwenda kujiunga na watu wanaotaka kumwondoa yeye mwenyewe. Kwenye karamu nyumbani kwa Laski anatokea Nangis wa kweli, na watu wanamdhania ndiye mfalme. Kisha wala njama wanaona kumfukuza hakutoshi, afadhali auawe. Hapo Henri anasema ukweli, kwamba mfalme ni yeye. Hakuna anayemwamini. Inapigwa kura ya nani amuue mfalme, na kura inamwangukia Henri.

Ukisoma opera ya kujigeuza namna hii kwa kufuata sauti yako peke yake, utapotea kama nilivyopotea. Chukua daftari. Kwa kila wimbo andika nani yuko jukwaani, anaitwa nani wakati huo, nani anaujua ukweli na nani amedanganyika. Fanya hivyo hata kwa nyimbo usizoimba wewe. Utaona kwamba karibu kila mtu ameshika kipande tu. Minka, kijakazi wa Laski, anampenda Nangis, kwa hiyo kwake jina hilo lina uso na mikono. Alexina, mke wa Fritelli aliye mmoja wa wala njama, aliwahi kupendana na Henri kule Venice bila kujua ni nani hasa. Daftari langu la Nangis ninalo hadi leo, na kwa mahali pale aliponisimamisha mwalimu niliandika hivi: "Mimi ni Nangis. Wananidhania mfalme. Mfalme yuko pale, anaitwa kwa jina langu." Baada ya kuandika maneno hayo ndipo nikajua nimtazame nani ninapoimba.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa kwaya tutalishika upesi kuliko wengine. Henri ni baritoni, sauti ya kiume iliyo nzito kidogo, Nangis ni tenori, sauti ya kiume ya juu. Wanapobadilishana majina, sauti hawabadilishani. Nyinyi mmekaa kwenye mazoezi ya jioni umeme ukakatika, na gizani mkaendelea kujua ni nani amekosea na amesimama upande gani. Sikilizeni opera hii hivyo hivyo, macho yakiwa yamefumbwa. Ukumbi mzima wa Laski umekosea, lakini sikio lako linamjua mfalme kila anapofungua kinywa.

Nilipoambiwa Nangis amedhaniwa mfalme, mimi nilinenepesha sauti ili isikike ya kifalme. Nilibana koo kwa siku nne, ya tano nikaamka sina sauti kabisa. Msilifanye hilo. Ujifanyaji uwe mabegani, kwenye mwendo, kwenye namna unavyowaacha watu wainame mbele yako. Koo ibaki koo yako.

Alexina na Henri wana wimbo wa pamoja katika sehemu ya pili, barkaroli, yaani wimbo wenye mwendo wa kupembea kama mashua za Venice. Isomeni hata kama hamuimbi wao. Humo ndani wamo watu wawili waliofichana mengi, na muziki unayasema yote. Nilipokuwa najifunza kutofautisha maneno yanayodanganya na muziki usiodanganya, nilirudi kwenye kurasa hizo mara nyingi kuliko zozote.

Someni na historia, ila msiitumie kumsahihisha mtunzi. Henri wa kweli aliondoka Krakow usiku wa mwezi Juni 1574, kwa kutoroka, baada ya kupata habari kwamba kaka yake Charles IX, mfalme wa Ufaransa, amefariki. Venice aliipitia Julai, akiwa njiani kurudi Ufaransa. Opera imeitanguliza Venice, kwa sababu inataka mapenzi ya zamani yamkute Poland. Faida ya kujua ukweli ni nyingine. Ukijua kwamba mtu huyu kweli alikimbia kiti cha enzi usiku, hutamwimba Henri kama mtu anayefanya mzaha tu.

Opera hii ni ya aina iitwayo opéra-comique, na neno hilo linapotosha. Wengi tunaposikia "comique" tunangoja kucheka. Maana yake hasa ni opera yenye mazungumzo ya kusema kati ya nyimbo. Carmen, opera ya Bizet, ilianza mwaka 1875 katika jumba la Opéra-Comique la Paris, lilelile ilikoanzia opera yetu hii, na inaisha kwa mauaji. Katika opera kama hizi majina hubadilishwa mara nyingi kwenye mazungumzo, si kwenye nyimbo, na mazungumzo ndiyo niliyoyaruka mimi. Wenzetu waliosoma Bukavu au Lubumbashi wana nafuu, Kifaransa wamekaa nacho darasani tangu utotoni. Sisi wengine tuyaseme kwa sauti kila siku, hata jikoni, mpaka ulimi uzoee kasi yake.

Mtaulizwa kwa nini mnahangaika na opera isiyochezwa mara nyingi. Ilifunguliwa tarehe 18 Mei 1887, ikachezwa mara tatu. Tarehe 25 mwezi huohuo, wakati ikichezwa opera nyingine, taa ya gesi iliwasha mapambo ya jukwaa na jumba likaungua. Walikufa watu zaidi ya 80. Kazi ya Chabrier ilirudi Novemba kwenye jumba lingine, lakini haikupata tena mwanzo wake. Naamini moto haukuwa sababu pekee, kwa maana kisa kimefumwa kwa mafundo mengi mno na watazamaji walichoka kukifuata. Muziki, hata hivyo, wanamuziki hawakuuacha. Maurice Ravel, mtunzi wa Kifaransa, aliupenda waziwazi, na mimi nikisikia zile sauti za mwanzo wa opera zinazowekwa pamoja zikigongana bila kutulizwa, naona alikuwa na haki kabisa.

Mwaka 1929 Albert Carré, aliyewahi kuliongoza jumba la Opéra-Comique, aliyaandika upya maneno ya opera hii ili kisa kieleweke. Kwa hiyo kabla hujakariri, angalia ukurasa wa kwanza wa kitabu chako ujue ni cha 1887 au cha baadaye. Nimemwona mwanafunzi akifika mazoezini na maneno ambayo hakuna mwenzake aliyekuwa nayo, na juhudi ya mwezi mzima ikabidi ianze upya. Iliniuma kama vile nilikuwa mimi.

Mkitaka pa kuanzia, anzeni na Fête polonaise, yaani karamu ya Kipoland, mwanzoni mwa sehemu ya pili. Huwa inapigwa peke yake kwenye matamasha, kwa hiyo kuipata si kazi, lakini tafuteni ile yenye waimbaji. Ni kazi ya kwaya, kazi tunayoijua. Simameni katikati ya sauti zenu kama mlivyozoea, na mkumbuke kwamba nyote ni wageni wa Laski, mmekuja kucheza, na mfalme atapita mbele yenu akiitwa kwa jina la mtu mwingine.