Taa Imewaka Tena: Majibu kwa Wenye Skana

Wiki hii maswali karibu yote ni ya skana. Tangu vile vidude vya bluu vya kuchomeka chini ya usukani ili kusoma kompyuta ya gari vijae madukani Luthuli Avenue, kila mwenye simu amekuwa daktari wa magari. Sina neno, afadhali anayesoma kuliko anayekisia. Ugomvi wangu ni na wale wanaojua kitufe kimoja tu, kile cha kufuta. Na nikisema kodi hapa nasema ile namba ya hitilafu inayoandikwa na kompyuta ya gari, sisemi ile ya mwenye nyumba, ingawa zote mbili hurudi hata ukijifanya huzioni.

Taa ya chek injini imewaka. Shida ni nini na itanigharimu ngapi? (Wasomaji kadhaa, mitaa mbalimbali)

Sijui. Hamkutaja gari, hamkutaja mwaka, hamkutaja kodi. Taa hiyohiyo huwaka kwa kifuniko cha tangi kisichokazwa na huwaka kwa injini inayokata roho. Nimeandika haya mwezi uliopita, na mwezi uliotangulia. Bila kuliona gari naweza kusema jambo moja tu: ikiwaka na kutulia, na geji ya joto na taa ya oili ziko sawa, nenda polepole mpaka gereji. Ikipepesa, simama. Kupepesa maana yake kuna silinda isiyochoma, na petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi kuipika katalaiza, kile kisafisha moshi. Habari za "nilikuwa nimebakisha kidogo tu nifike Roysambu" msiniletee.

Nina Fielder ya 2012. Skana inasema P0171. Fundi amebadilisha sensa ya oksijeni mara mbili na kodi inarudi baada ya siku tatu. Niweke ya tatu? (Donholm)

Usiweke. P0171 inasema kompyuta imeona hewa nyingi kuliko mafuta. Haijasema sensa ni mbovu. Sensa ndiyo iliyoleta habari. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Fundi wako ameua wawili, na mazishi umelipia wewe.

Fanya hivi. Washa gari, lipate joto, kisha fungua ukurasa wa data za injini inayonguruma. Tafuta STFT na LTFT, yaani masahihisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu, uyajumlishe. Injini yenye afya huchezea karibu na sifuri. Asilimia chache juu au chini si neno, lakini ikifika 20 au 25 juu, kompyuta inaongeza mafuta kwa nguvu ili kufidia kitu. Sasa kanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na ushikilie hapo. Namba ikishuka, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma: mpira uliopasuka, gasketi ya manifodi, au bomba la hewa ambalo halikukazwa siku ya sevisi. Namba ikizidi kupanda unavyokanyaga, mafuta hayafiki vizuri au sensa inayopima hewa baada ya filta imeingia uchafu na inadanganya. Hiyo husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kopo, si kwa kitambaa na petroli.

Kazi yote hiyo ni dakika kumi, na haina spea hata moja. Labda ndiyo sababu hukufanyiwa.

Halafu nyinyi mnaonyunyiza petroli juu ya injini ya moto kutafuta mpira uliopasuka: nimeona nyusi zikiungua hivyo.

Nikitoa waya wa betri, kodi zinafutika? (Kayole)

Kwenye magari mengi ndiyo, pamoja na kila kitu ambacho kingemsaidia fundi.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Kodi inapoandikwa, kompyuta hupiga kama picha ya wakati huo: kasi, joto la injini, mizunguko, mzigo. Picha hiyo hukuonyesha kama gari lilikosea likiwa baridi asubuhi au likipanda mlima na abiria watano. Ukifuta kodi, picha nayo imekwenda. Mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, nilifuta kodi za gari la mteja kabla ya kuandika hata moja, kisha nikalizungusha Mombasa Road siku tatu nikingoja likosee tena. Mteja alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Siku hizi naandika kwenye daftari na kupiga picha ya skrini, ndipo mkono wangu unakaribia hicho kitufe.

Nataka kununua Demio kwa broka. Nimechomeka skana, hakuna kodi hata moja. Ninunue? (Syokimau)

Kukosa kodi si afya. Mficha maradhi kifo humfichua, lakini gari lililofutwa jana usiku litakufichulia wewe wiki ijayo, broka akiwa amebadilisha namba ya simu.

Usiishie kwenye ukurasa wa kodi. Kuna ukurasa wa majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe: ya katalaiza, ya sensa za oksijeni, ya mvuke wa petroli na mengine. Kodi zikifutwa, mengi ya majaribio hayo hurudi kuwa hayajakamilika, na baadhi huhitaji siku kadhaa za kuendesha ndipo yakamilike. Ukikuta hakuna kodi na majaribio karibu yote hayajakamilika, kuna mkono ulipita hapo. Magari mengi pia huonyesha kilomita tangu kodi zifutwe. Ukisoma kilomita 6, muulize broka gari lilikuwa gereji gani asubuhi. Akisema betri ilibadilishwa, yawezekana kweli. Basi akuachie uliendeshe siku mbili. Akikataa, umeshajibiwa.

Skana yangu haiongei kabisa na Toyota yangu ya 2002 kutoka Japani, na tundu ni lilelile. (Kariobangi)

Tundu la pini 16 si ahadi. Marekani walilazimisha mfumo huu wa kusoma kodi, OBD-II, kuanzia magari ya 1996, Ulaya kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kuuzwa Japani kwenyewe miaka hiyo mengi yana tundu hilo, lakini lugha ndani ni ya kiwandani. Tafuta skana inayojua Toyota za Japani. Na kama kidude chako kimeandikwa ELM327 toleo la 1.5, ujue kampuni ya Kanada iliyobuni chipu hiyo haikuwahi kutoa toleo hilo.

Kama hakiwaki kabisa hata taa, angalia kwanza fyuzi ya kichomeo cha sigara. Kwenye magari mengi ndiyo inayolisha tundu.

Nina P0420. Fundi anasema katalaiza haina kazi Kenya, aitoe na gari litapata nguvu. (Ruaka)

Muulize itakwenda wapi ikishatoka. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wanajua bei yake kuliko wewe. Anayekwambia haina kazi mara nyingi ndiye anayeiuza.

P0420 inasema katalaiza inaonekana haisafishi moshi inavyotakiwa. Kabla ya kuihukumu, angalia kama ekzosi inavuja mbele ya sensa ya nyuma, kama kuna plagi au koili inayokosa, na kama injini inakula oili. Hivyo ndivyo vinavyoua katalaiza. Ukiweka mpya bila kuvitibu, hiyo mpya nayo itakufa. Ukiitoa, kodi haitaondoka, moshi utanuka, na wa kuuvuta ni sisi tulio nyuma yako kwenye foleni ya Waiyaki Way.

Video zote zinasema sensa ya MAP, ile ya shinikizo la hewa, isome kilopaskali 101 injini ikiwa haijawashwa. Yangu inasoma 83. Ninunue nyingine? (Lang'ata)

Hapana. Hao wa video wanakaa usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na 83 ndiyo namba yako. Ipeleke Mombasa itasoma karibu 101, ipandishe Limuru itashuka chini ya 80. Wewe sensa yako ni nzima kuliko ushauri uliopewa.

P0128, ile ya injini kutofika joto lake, haiondoki. Fundi alitoa themostati, ile valvu ya maji ya kupoza injini, kwa sababu ya joto. (Embakasi)

Irudishe.

Unaweza kunifutia taa ya eabagi kabla ya Ijumaa? Nina mnunuzi. (Hakutaja mtaa)

Siwezi. Na wewe mnunuzi wa Ijumaa, popote ulipo: fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabagi yapaswa kuwaka sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna aliyefungua dashibodi kabla yako.