Maswali ya wasomaji: Meneja wa mfuko anaweza kulishinda soko kila mwaka?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ghala. Kuna kaka mmoja tunasali nae anauza mifuko ya uwekezaji, anasema mfuko wake una meneja mkali umelishinda soko miaka mitano mfululizo, ada ni 1.2% tu kwa mwaka. Kazini kwenye akiba yetu ya kustaafu kuna mfuko wa indeksi wa S&P 500, ada 0.04%. Nina dola 10,000 nimezidunduliza, niziweke wapi? Huyu kaka namheshimu sana. – Mama Brayani

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Hongera kwanza kwa hizo 10,000, kazi ya ghala naijua. Kwa wasiojua, mfuko wa indeksi hauna meneja wa kuchagua hisa, unanunua tu hisa zote za kwenye orodha fulani; S&P 500 ni orodha ya makampuni makubwa kama 500 ya Marekani, na ndo tunaloliita "soko" hapa.

Huyo kaka huenda hajakudanganya, mameneja wa kulishinda soko wapo kweli. Peter Lynch aliendesha mfuko wa Magellan toka 1977 mpaka 1990 akawa anapata wastani wa 29% kwa mwaka. Shida ni kumjua Lynch KABLA hajawa Lynch. Kuna mwingine, Bill Miller, mfuko wake uliishinda S&P 500 miaka 15 mfululizo, 1991 hadi 2005, sio mitano eti, kumi na tano! watu wakajazana na hela zao, halafu 2008 mfuko ukapoteza zaidi ya nusu, soko lenyewe mwaka huo lilishuka 37%. Sasa aliyeingia 2005 kwa kusikia sifa ndo kaangukiwa na jumba bovu.

Ukitaka kuelewa kwanini, fikiria sinia la pilau. Soko ni sinia moja, na sisi wenye hisa wote kwa ujumla wetu ndo tunalila lote, kwahiyo mmoja akichota nyama nyingi lazima kuna mwenzie kabaki na wali mtupu. Mwenye indeksi anakula fungu la wastani. Hao wenye mameneja nao ukiwachanganya pamoja wanakula wastani uleule, ila wao wanamlipa mtu wa kuwachotea, tena kila siku, apatie akosee! Mchumi wa Marekani, William Sharpe, aliliandika hili 1991, hesabu ya kujumlisha na kutoa tu. Ndo maana ripoti za kampuni ya S&P zinaonyesha kwamba kwenye mifuko inayonunua hisa za makampuni makubwa ya Marekani, ukihesabu miaka 15, karibu tisa kati ya kumi imeachwa nyuma na indeksi.

Yule tajiri mwekezaji wa Marekani, Warren Buffett, aliweka dau kabisa, mfuko wa indeksi dhidi ya mafungu matano ya mifuko ya matajiri (hedge funds) yaliyochaguliwa na wataalamu, miaka kumi kuanzia 2008. Mwaka wa kwanza yote matano yalimtangulia, nadhani walimcheka. Mwisho wa 2017 indeksi imepanda 125.8%, na lililofanya vizuri kuliko yote kwenye yale matano 87.7%.

Sasa hiyo "1.2% tu", hilo neno "tu" ndo linaniudhi. Tuseme soko linatoa 7% kwa mwaka kwa miaka 30 (hakuna wa kukuhakikishia hilo, ni mfano). Kwa ada ya 0.04% zako 10,000 zinafika kama 75,000. Kwa ada ya 1.2%, meneja akienda sawa na soko kabla ya ada, unapata kama 54,000. Dola 21,000 hizo mama, ni kiwanja na msingi huko nyumbani.

Mimi ningeenda na indeksi, ila iwe hela ambayo hutaigusa miaka mingi, maana mwaka kama 2008 indeksi nayo inashuka na hakuna meneja wa kumlaumu. Ya dharura weka pembeni benki. Na kaka yako usigombane nae, muulize kistaarabu tu, kamisheni yake kwenye hizo 10,000 ni shilingi ngapi, na yeye akiba yake ya uzeeni kaiweka mfuko gani.