Chaja mkahawani: faida haiko kwenye umeme
Je, mwenye mkahawa akiweka chaja ya magari ya umeme, atarudisha gharama yake kwa kuuza umeme peke yake? Hapana. Chaja ya kilowati 7 inatoa yuniti 7 kwa saa. Hata ukiongeza shilingi 20 juu ya kila yuniti, mteja aliyekaa saa nzima amekuachia 140, chini ya bei ya kapuchino hapa Nairobi. Pesa iko kwenye hiyo kapuchino, na sahani anayoagiza akisubiri. Mimi ni fundi umeme, na huwa nawasihi wateja wasikimbilie ya kilowati 50: inataka fezi tatu, yaani laini tatu za umeme badala ya moja, pengine hata transfoma mpya. Bei maalumu ya umeme wa magari ipo Kenya tangu 2023, ila siku za kazi unafuu mkubwa ni usiku, mkahawa ukiwa umefungwa.