Raptor 700 ya mchangani na majabalini: pesa ya shokapu ianzie wapi

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza hivi: una Raptor 700R, ile kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) ya Yamaha, uzito wako kilo 95, Ijumaa unakwenda Bidiya, huku Oman, kupanda mchanga na wiki nyengine unafuata njia za majabali mabondeni, umeweka kando riali 900, na umeona tangazo la mikono mipana ya mbele (vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele kwenye chesisi) pamoja na shokapu ndefu. Ununue? Naona waliotangulia wote wamekujibu "nunua". Mimi nakwambia usinunue bado. Nimeshaipita njia hiyo hiyo, nililipa zaidi ya hizo ulizonazo, na nusu ya nilichonunua hakikumaliza hata msimu kwenye mashine.

Mwaka 2017 niliuziwa seti iliyotumika: mikono iliyoongeza inchi mbili kila upande na shokapu za jina kubwa, hazivuji, rangi inang'ara. Muuzaji hakunidanganya, mimi ndiye sikuuliza. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba zilipangwa kwa kijana wa motokrosi mwenye kilo 68. Mimi nilikuwa na 98, na nikishavaa kofia, buti na mkoba wa maji nafika 108. Siku ya kwanza, mguuni mwa tuta la kwanza refu, kwodi ikagota. Kugota khasa, chuma kwa chuma, ule mlio unaouhisi kwenye meno kabla hujausikia. Nikasema nimeuziwa mbovu. Kumbe zilikuwa nzima, ila si zangu.

Springi ndiyo inayokubeba. Mafuta na visahani vilivyomo ndani ya shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiende na isirudi kwa pupa. Ukiwa na springi isiyolingana na uzito wako, hata ukizungusha skrubu mpaka Magharibi, unaficha kosa tu. Kwa hiyo kabla hujatoa hata baisa moja, pima mshuko.

Kazi yenyewe inataka tepu, sakafu iliyo sawa na mtu wa kukusaidia. Inyanyue kwodi nyuma mpaka shokapu inyooke yote. Pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu wima mpaka alama utakayoitia kwa kalamu kwenye plastiki. Ishushe, itingishe mara mbili tatu, ipande ukiwa umevaa kila kitu unachovaa jangwani, simama kwenye vikanyagio kama unavyoendesha, na msaidizi apime tena pale pale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mshuko wako. Safari ya gurudumu la nyuma kwenye Raptor 700R ni milimita 256 hivi, ya mbele 231. Nyuma unataka mshuko ule kama thuluthi, yaani karibu na milimita 85. Mbele ni baina ya robo na chini kidogo ya thuluthi, tuseme 60 mpaka 70.

Mimi nilipimwa na mwanangu, siku hizo ana miaka kumi na moja. Akasoma tepu: "Mia na ishirini na tatu." Nikamwambia umekosea baba, pima tena. Akapima tena kwa heshima zote: "Mia na ishirini na nne." Yaani karibu nusu ya safari ya nyuma nilikuwa nimeshaila kabla sijawasha mashine.

Hapo wengi hukimbilia kukaza ringi inayoibana springi, nami nilikimbilia huko huko. Nikakaza mpaka mshuko ukafika 85, nikafurahi. Nikashuka, nikaitazama: nyuma imesimama kidete, haikushuka hata kidole. Hiyo ndiyo dalili ya springi laini iliyokazwa kupita kiasi. Kwodi isiyo na mtu nayo lazima ishuke kidogo kwa uzito wake yenyewe, ili gurudumu liwe na pa kushukia linapopita juu ya shimo. Isiposhuka, ukiachia gesi kwenye ukingo wa tuta nyuma inakurusha. Kinyume chake pia kipo: ukiwa umepanda mshuko uko sawa, lakini ukishuka kwodi bado imelala chini sana, basi springi ni ngumu kuliko uzito wako. Vipimo vyote viwili, na mtu na bila mtu, ndivyo vinavyokwambia ubadilishe springi au ugeuze ringi tu.

Na usipime kwenye fimbo ya shokapu. Kile kikamba cha plastiki tunachokifunga kwenye fimbo kinafaa kukuonesha kama umefika mwisho wa safari, basi. Fimbo inakwenda masafa mafupi kuliko gurudumu, kwa hiyo ukiona sentimita nne kwenye fimbo usidhani gurudumu nalo limepanda nne. Zile shokapu za mbele zenye springi mbili au tatu zilizopandana nazo zina hesabu yake, maana nyingine hutengenezwa makusudi zikae chini. Hizo utafuata kimo cha chesisi kutoka ardhini alichokitaja mtengenezaji.

Sasa skrubu. Shokapu ya Raptor 700R ina mbili za upande wa kubonyea, yaani shokapu inapobanwa: ya kasi ndogo na ya kasi kubwa, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kasi hiyo si ya kwodi, ni ya fimbo. Unaweza kuwa unatambaa kilomita 15 kwa saa bondeni, ukagonga jiwe lenye ukubwa wa tikiti, na fimbo ikaruka kwa kasi kubwa. Unaweza pia kuteremka tuta kwa 80, ukaingia kwenye kile kibakuli laini cha chini, na fimbo ikazama taratibu lakini mpaka mwisho. Jiwe linaisikiliza skrubu ya kasi kubwa, kibakuli kinaisikiliza ya kasi ndogo. Ndiyo maana mashine moja inaweza kufanya kazi zote mbili, mradi springi ni yako.

Mimi nikienda Bidiya naongeza kliki (ile "tik" ya skrubu unapoizungusha) tatu au nne za kasi ndogo, ya kasi kubwa siigusi. Nikirudi kwenye mawe naziondoa, na ya kasi kubwa naifungua kidogo mpaka viganja vyangu viache kufa ganzi. Hesabu yako ianzie penye kufungwa kabisa: funga taratibu bila kulazimisha, kisha hesabu ukifungua, na namba uiandike kwenye kipande cha tepu chini ya kiti. Kichwani haitakaa. Utabadilisha saa kumi na moja alfajiri mchanga una umande na umeshikamana, saa tano umeshakuwa unga, na hutakumbuka ulianzia wapi.

Skrubu ya kurudi, yaani ya shokapu inaponyooka tena, ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Njia ya magari ya kuingilia jangwani kutoka al-Wasil ina mawimbi mafupi mafupi, kama rasta za barabarani lakini hazimaliziki. Nilikuwa nikipita pale mashine inakuwa ngumu kama ubao, nikadhani kubonyea ni kukali, nikalegeza. Ikazidi. Nikalegeza tena, ikazidi tena. Mzee mmoja aliyekuwa akinifuata nyuma na Patrol yake akaniambia, "Kwodi yako inainama, haiinuki." Hapo akili ikanijia. Shokapu ilikuwa inarudi polepole mno. Wimbi la pili linaikuta haijanyooka, la tatu linaikuta chini zaidi, la sita hakuna safari iliyobaki, umekalia chuma. Nikafungua kurudi kliki nne, na njia ile ile ikawa nyengine. Lakini usipitilize. Kurudi kukiwa kwa haraka mno, nyuma inapiga teke kila unapovuka ukingo, na upande wa pili wa tuta una mteremko wa digrii thalathini na ushei, si pahala pa kupigiwa teke.

Mikono mipana nayo ina kheri yake, siibezi. Raptor ina upana wa inchi 46 hivi, ukiongeza mbili kila upande unapata 50, na ukikata tuta kwa ubavu utaihisi tofauti kwenye tumbo lako. Ungekuwa mtu wa mchanga peke yake ningekwambia tia. Ila wewe wiki nyengine uko baina ya mawe. Mimi nilikuwa kwenye bonde moja upande wa Ibra, njia niliyoipita mara ishirini na mashine ya upana wa kiwandani bila kufikiri. Safari hii nina mikono mipana, gurudumu la kushoto likanasa kwenye jabali, usukani ukaniponyoka mikononi, na tai rodi (fimbo ya kugeuzia gurudumu) ikapinda kama kijiko. Nikaburutwa kwa kamba kilomita sita hadi lami.

Lipo na jambo ambalo matangazo hayalisemi. Mkono ni wenzo. Ukiurefusha na shokapu ukaiacha ilipo, gurudumu linapata nguvu zaidi ya kuibonyeza springi, kwa hiyo springi iliyokuwa inakutosha inakuwa laini. Juu ya mikono unahitaji tai rodi ndefu, bomba la breki refu, na springi nyingine. Riali 900 zitaishia hapo, na nyuma bado ina shokapu iliyochoka.

Nyuma ndiko ningeanzia. Shokapu ya nyuma ni moja, inabeba wewe na injini, na iko karibu na joto la ekzosti. Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, na ule uzuiaji wa springi unapungua. Asubuhi mashine inatulia, ikifika saa saba inarukaruka kama mbuzi, na ukigusa kile kichupa cha pembeni ya shokapu kidole hakikai. Kama yako haijafunguliwa tangu uinunue, mafuta yamo humo yamekuwa meusi. Peleka kwa fundi mwenye mtungi wa naitrojeni na anayejua kupanga visahani kwa uzito wako. Usifungue mwenyewe, mna gesi ya shinikizo ndani. Akiwa anaishughulikia, wewe fungua linki ya nyuma (vyuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa nyuma) uitazame. Yangu baada ya misimu miwili grisi ilikuwa kama machicha ya kahawa, beringi mbili zimeshika kutu, na mimi nilikuwa nalaumu shokapu wakati linki yenyewe haitaki kukunjika. Na ukiosha kwodi usielekeze mashine ya maji kwenye sili.

Kwa pesa zako ningefanya hivi. Springi tatu za uzito wako, na kazi ya ndani kwa shokapu zote tatu, mafuta, sili na visahani. Mimi kwa yote hayo nililipa riali 310 pamoja na usafirishaji wa springi. Seti ya pili ya tairi za nyuma zenye makasia kwa ajili ya mchanga, ziwe kwenye rimu zake ili usihangaike kila Alhamisi usiku. Tairi nayo ni shokapu, tena ya kwanza kukutana na jiwe, na wako watu wanaoijaza upepo wa psi 8 halafu wanakuja kulalamika hapa kuhusu kliki. Mimi natembea na psi 4 na kipimo kidogo mfukoni. Zikibaki pesa, na baada ya miezi miwili ukiona bado mbele inakusumbua, hapo ndipo ununue shokapu za mbele, ziwe za kampuni inayoaminika kama Elka, za upana ule ule wa kiwandani, na uzito wako uuandike kwenye oda. Uzito wa ukweli, na kofia na maji.

Kuhusu seti ya kwenye tangazo, mpigie muuzaji umuulize imepangwa kwa mtu wa kilo ngapi, mafuta yalibadilishwa lini, na namba gani imeandikwa kwenye springi. Huwa ni pauni kwa inchi au Newton kwa milimita. Akikujibu "iko sawa tu, jaribu", mshukuru ukate simu.

Kisha pima mshuko, uandike hapa namba nne: mbele na nyuma, ukiwa umepanda na ukiwa hujapanda. Nikiziona hizo ndipo nitakwambia utafute springi gani.